Mkono wa Ndahani

Walikuja Mpwapwa na malori matatu,
moja lote makuti.
Makuti ya nini, nikauliza.
Ya nyumba za Wagogo, enzi za Malkia Viktoria.
Nikamwambia yule bwana wa mandhari:
hapa watu walikaa kwenye tembe,
paa tambarare la udongo, unaanika mtama juu yake.
Akasema, mama, tembe haipendezi kwenye kamera.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda cha pili ukitoka sokoni.
Nilishona nguo za wapagazi arobaini.
Merikani, nilishikilia. Kaniki.
Si kanga za maandishi,
methali zilikuwa bado hazijahamia viunoni.
Akacheka, akaandika. Nikashinda moja.

Kwenye mwarobaini nilishindwa.
Umesimama nyuma ya mchoraji tamthilia nzima,
mti uliokuja baadaye sana,
unampa Mzungu wa watu kivuli bila haya.

Jumapili saa tatu usiku tulijaa kwa Mama Chilewa.
Mwalimu Sechambo alikuja na daftari.
Saa ya mkononi kwa mpagazi wa tano: wamekosea.
Nguzo ya umeme kule kilimani: wamekosea.
Hongo ya mtemi imelipwa kwa dhahabu,
hapo alisimama kabisa, kama refa.

Kisha ukaja mkono.
Mwigizaji yule hajui hata kushika penseli.
Kwa hiyo kila brashi inaposhuka kwenye turubai,
ule mkono mweupe ni wa Ndahani, mwanangu,
mchora mabango ya vinyozi,
umepakwa poda mpaka kwenye kiwiko.
Kovu la kidole gumba nalijua.
Bati lilimkata akiwa na miaka sita, nikamfunga kwa kitambaa cha khaki.

Sauti ilikuwa inatueleza
jinsi mgeni alivyoipenda nchi hii kavu.
Sikuisikia vizuri.
Kwenye turubai alikuwa anatokea mama yangu,
ndewe za masikio zikining'inia,
jicho moja dogo kuliko jingine.
Hatuna picha yake nyingine,
na hiyo waliondoka nayo.

Mwalimu alinyanyua kalamu, akaitazama, akaishusha.

Tukangoja majina.
Yalipita mbio, ya wapishi, ya madereva.
Punda alitajwa.
Mkono haukutajwa, wala uso.

Hapo, akasema Sechambo akifunga daftari,
hapo hawakukosea.