Mluzi

Santuri ya shangazi Aikande ina mkwaruzo
palepale Mmarekani anapoacha maneno na kushika mluzi.
Mwaka ule wa bei nzuri ya kahawa
Moshi nzima iliupiga: fundi cherehani wa Kiusa,
makarani wa ushirika,
hata mwinjilisti, akijisahau.

Juzi nimemsomea nyuma ya jalada:
kwamba pale palikuwa na ubeti
wenye jina la kaka yake aliyezama mtoni.
Koo likakataa,
na studio ilikodiwa kwa saa.

Shangazi akaendelea kupepeta maharage.
"Mlidhani tulikuwa hatujui?
Wiki tuliyomzika Ndetaramo
niliucheza wimbo huo mpaka kiatu kikakatika mkanda."

Akapuliza makapi.
Midomo ikabaki vilevile, imechongoka.