Mwanya

Chasisi ni mabomba ya mraba kutoka Igoma,
injini ni ya Starleti iliyokunywa mafuriko ya Mabatini,
breki za mbele za Karina,
kwa sababu ndizo Lushinge alizokuwa nazo,
na rimu za inchi kumi na tatu,
kwa sababu ndizo nilizomudu.
Tatizo lilikuwa humo humo,
kati ya alizokuwa nazo na nilizomudu.

Siku ya kwanza gurudumu liliingia, likakaa.
Nilikaza nati nne huku najisifu,
nikalisukuma kwa kiganja: kimya.
Rimu ilikuwa imeikamata kalipa
kama mdai aliyekutana na mdaiwa sokoni.

Nikapiga tupa kwenye mshono wa kalipa,
ule ukingo uliosahauliwa kiwandani, usio na kazi.
Jirani akasema, saga, saga zaidi.
Sikusaga.
Chuma hicho ndicho kitakachonijibu
nikikanyaga pedeli mteremko wa Bugando.

Likazunguka. Lakini kwa nafasi gani?
Kidole hakifiki mle,
na tochi inaonyesha kutu tu.
Nikaingia jikoni, nikamega kiporo cha ugali wa udaga,
ule wa muhogo, unaovutika,
nikaubandika mgongoni mwa kalipa,
nikarudisha gurudumu, nikalizungusha.

Minza alisimama mlangoni na mwiko.
"Umeanza kulilisha?"
Akacheka, na mwanya wake ukaonekana,
ule ule ulionipeleka kwao Magu
na ng'ombe ambao sikuwa nao.

Tonge lilitoka bapa.
Nikalichoma kwa sindano ya cherehani,
nikaipima sindano kwa rula ya shule ya Milembe:
milimita moja, kasoro.
Na milimita ya asubuhi si ya saa nane mchana.
Chuma kikipata moto hutanuka,
beringi ikilegea gurudumu huyumba,
na barabara ya kwetu ina changarawe zenye udadisi.
Nilitaka tatu.

Lushinge alinichongea spesa
kutoka propela iliyovunjika.
Iliwahi kusukuma mtumbwi wa dagaa hadi Ukerewe,
sasa inaisukuma rimu yangu nje, milimita nne.
Vizuri. Ila nati zikazunguka mara nne, zikaisha uzi.
Nati iliyoshika nyuzi nne
ni ahadi ya mpangaji anayehama usiku.
Nikangoja boliti ndefu siku tisa.
Zilipofika, tairi likawa linalamba madigadi nikikata kona.
Nikakata bati vidole viwili,
nikalikunja ukingo kwa nyundo
mpaka mtoto wa jirani akaamka.

Jumamosi tukatoka, Minza kiti cha kushoto,
ungo mapajani, hana imani.
Kabla ya Buzuruga: kwi.
Kwi. Kwi.
Nilishuka mara tatu, nikalala chini kwa shati la kanisani.
Kalipa safi, spesa safi, madigadi mbali.
"Inalia mara moja kila mzunguko," alisema,
bila kuinua macho kwenye ungo.
"Basi ni kitu kimoja, na kinazunguka.
Acha kuilaumu kalipa. Haijasogea popote."

Kilikuwa kipande cha risasi ya balansi,
fundi alikibandika ndani ya rimu,
kidogo kama ukucha wa kidole gumba.
"Kikulacho," nikasema.
"Ki rimuni mwako," akamalizia.

Tulipanda Bugando, tukashuka kwa breki makusudi.
Chini nikadondosha tone la maji kwenye diski:
likachemka, likaruka, likaisha.
Nikasikiliza. Hakuna kinachogusa kisichopaswa.

Jioni tulisogeza kichanja cha dagaa hatua moja ukutani,
pale mwamba unapoingia uani kwetu.
Sasa mlango wa gari unafunguka wote,
naye anapita na ungo bila kukunja mabega.
Miaka miwili alikuwa anakunja. Sikuwahi kupima.

Gurudumu la kulia bado.
Nimemwomba aniachie kiporo.