Kubisha Mizinga

Alhamisi, kabla umande haujakauka,
Domicelė alitoka na ufunguo wa ghala
akabisha mzinga wa kwanza, mara tatu,
kama anayebisha chumba cha mgonjwa.
“Justinas amefariki,” akasema.
“Msihame. Mimi bado nipo.”
Akatega sikio kwenye ubao, akasubiri
mvumo upande, utulie.
Akaenda wa pili.

Nilimfuata na kitambaa cheusi,
nikichana vipande, nikifunga.
Mimi si ndugu yake wa damu.
Miaka kumi na tisa iliyopita bumba lao liliruka uzio
likaning’inia kwenye mplamu wangu, likitetemeka,
na Justinas akaja mbio, kiatu kimoja mguuni,
akalitazama, akacheka: “Basi. Wamechagua.”
Kwetu nyuki hawauzwi.
Tangu siku ile aliniita bičiulis,
jina lenye nyuki ndani yake,
jina la mtu mnayegawana naye bumba moja.
Wengine hufuata nyuki wale asali.
Sisi tulifuata, tukapata ukoo.

Na lugha yetu ina adabu hii:
ng’ombe hufa, mbwa hufa,
hata farasi aliyekulimia miaka ishirini
hufa tu, kwa neno fupi la zizini.
Nyuki hufariki.

Nyanya yake Domicelė alimjua Austėja,
mungu wa kike mwenye jina la kufuma,
aendaye na kurudi, aendaye na kurudi
kati ya ua na ua,
kama uzi kwenye kitanda cha mfumi.
Harusini walimrushia pombe yake ya asali
juu kabisa, darini, huku wakiruka.
Madoa yangalipo kwenye boriti.
Padri aliyaona. Alikula keki, akanyamaza.

Mzinga wa saba haukujibu.
Akabisha tena.
Ufunguo ukatoa mlio wa ubao mtupu.
Tukafungua.
Walikuwa chini, ndimi nje,
maelfu, wepesi kama makapi;
na ng’ambo ya barabara shamba la manjano la kampuni,
lililopuliziwa dawa Jumanne, jua la utosini, maua yakiwa wazi,
liliendelea kung’aa
kama halikuulizwa kitu.

Domicelė hakulia. Machozi aliyamaliza usiku.
Alichota kiganja kimoja, akarudi ndani,
akawatia kwenye mfuko wa koti la Justinas,
ule wa kushoto, wa kiberiti.
Mwanawe, aliyetoka mjini na saa kubwa mkononi,
alifungua kinywa, akakifunga.

Hiyo ilikuwa Mei, mitufaha ikiwa meupe.
Sasa ni Septemba.
Nimekata tufaha la mti wake.
Limepinda upande, kama shavu lenye jino bovu.
Vyumba vitano; mbegu mbili.
Kila mbegu ni mgeni aliyebisha hodi
na vumbi la ua jingine miguuni.
Upande uliopinda ni upande ambao hakuja mtu.
Nimesema mtu. Ndivyo tusemavyo.

Lakini hizo mbili, nani alizileta?
Labda nyuki bambi, yule mnene wa manyoya,
anayetoka kwenye baridi wengine wakiwa bado ndani.
Labda yule mdogo, mpweke, asiye na malkia wala asali,
anayelala ndani ya tete za paa langu
na kuziba mlango kwa tope.
Labda nzi, aliyevaa mistari ya nyuki kwa uongo
lakini kazi akaifanya kweli.
Hawa hakuna aliyewarushia pombe darini.
Hawana mungu, hawana mzinga,
na mwaka wakiisha
hakuna ubao wa kuwekea sikio.

Jana Domicelė alinipa ufunguo, mikono yake inauma.
Nilibisha sita zilizobaki, zikajibu.
Kisha nikasimama chini ya paa la tete,
nikabisha ukuta, mara tatu, taratibu.
Sikujua niseme nani amefariki.
Nikasema jina langu tu,
na kwamba bado nipo.