Kijumba cha Mninga

Shule ya awali iliagiza, ikakimbia na deni,
ndiyo maana vijumba vitatu vya watoto
vimekaa kwenye vumbi la randa, nyuma ya stesheni ya Tabora,
na fundi Mihayo anavipiga kofi ubavuni
kama mtu anayenadi ng'ombe.

"Hiki paini. Chepesi, bei inaongeleka.
Hiki mkongo, nimekitia rangi, madirisha mawili.
Hiki..."
akanyamaza, akafuta mlango kwa kiganja,
"hiki mninga."

Nimekuja na hesabu nyuma ya daftari:
pesa ya tumbaku, toa ada,
toa bati la jikoni, toa mbolea ya mkopo.
Iliyobaki nimeikunja mara nne, ina joto la paja.

Paini naijua. Mchwa wa Ipuli wanaijua zaidi.
Niliegesha ngazi ukutani, masika yaliyopita;
nilipoirudia ilikuwa imesimama kwa heshima tu,
ndani udongo mtupu.

Kulwa ameingia cha rangi, ametokea dirishani.
Doto ameingia dirishani, ametokea mlangoni.
Shija, miaka mitatu, amejilaza chali ndani ya mninga.
Hasemi kitu.
Ananusa ukuta.

Nikainama nimfuate. Bega likagoma.
"Mama, mlango umekukataa," akasema Doto, na akafurahi.
Fundi akachomoa penseli sikioni:
"Nikuongezee vidole vinne? Nusu saa. Bure."

Sikumjibu. Nilikuwa Sikonge,
tupo tisa chumba kimoja, na nyumba yangu ni bani la baba
baada ya msimu, tumbaku ikishashushwa,
mimi chini ya fito na moshi uliokwisha kupoa,
natawala.
Kisha mlango unafunguka, mkubwa, wa kupitisha mzigo,
na yeyote anayetaka anaingia: "We Nyanzala! Maji!"

Bani lile lilikula msitu.
Nilimwona baba akiangusha mninga kwa kuni,
shina likatoa utomvu mwekundu, nami nikakimbilia kitambaa
nikaufunga mti kama mtu aliyejikata.
Walinicheka hadi mavuno.

Sasa nainunua mbao ileile kwa pesa ya jani lilelile.
Nimepapasa chini ya kizingiti, nikauona
muhuri wa nyundo ya maliasili, umebonyea vizuri.
Umenituliza kidogo.
Kidogo.

"Kiache hivyo hivyo," nikamwambia Mihayo.
"Mlango?"
"Mlango hasa."

Tulikipakia kwenye mkokoteni, Shija akiwa bado ndani,
amekataa kushuka, anapunga mkono kama mbunge.
Pale mtaani Mama Kalunde aliuliza mara mbili
kama ni banda la kuku,
na alipoambiwa ni la watoto, la kuchezea tu,
alitikisa kichwa, akakizunguka, akachungulia,
akauliza bei.

Tumekiweka juu ya mawe sita, miguu imepakwa oili chafu.
Magharibi ilipoingia nilibeba sahani ya viazi,
nikasimama uani kwangu mwenyewe,
na mkono, bila kuniuliza, ukabisha.

Hodi.

Ndani kimya. Minong'ono. Kitu kikaanguka.
Kisha sauti ya Shija, nzito, ya mwenye nyumba:
"Nani?"

Viazi vinapoa.
Natafuta la kujibu.