Daftari la Udongo

Katika daftari la watawa, mwaka wa njaa:
mayai kumi na mawili, mshumaa mmoja,
udongo mashua saba.
Mwaka wa tauni: udongo mashua mbili tu.
Wachimbaji walikuwa na mashimo mengine.

Kisiwa hiki hakikuumbwa, kilibebwa.
Wapika chumvi walikiacha kikiwa tope.
Wakaja watawa sita na kengele na mbuzi,
wakajifunza polepole
kwamba maji ya wangwa hayang'ati, hulamba.
Basi kila Kwaresima walichota matope upande wa Torcello,
wakarudishia ukuta kilicholambwa.

Kisha askari wa Kifaransa.
Kengele ikayeyushwa kuwa mzinga,
kanisa likajazwa baruti,
na kurasa za miaka arobaini ni nyeupe.

Ila kisiwa hakikuzama.
Nani alileta udongo?

"Bibi zetu," anasema Fosca, muuza mboga,
akifunga boti lake gatini. "Usiku, kwa ndoo za kaa.
Kuandika hawakujua."

Siku hizi amebaki Bruda Liberale peke yake,
magoti mabovu, miwani ya kamba.
Kila Jumatano humwagiza Fosca viazi visivyooshwa.
Huvikung'utia chini ya ukuta wa mashariki, kimoja kimoja,
hata kile kidogo cha mwisho,
halafu huingia ndani, hulowesha kalamu kwa ulimi:

Udongo, kiganja kimoja.

Hufikiri kidogo. Huongeza:
viazi vitamu kuliko vya juzi.