Nani Alimwona

Magunia mawili, nimeyashona mwenyewe
kwa uzi mwekundu,
yalikuwa sebuleni yakingoja mnada.
Asubuhi nikakuta maduara mawili
sakafuni, pale ambapo vumbi halikufika,
na korosho moja, imekanyagwa.

Nikamtaja Chitanda. Nani hakumtaja?
Mnywa uraka, mlala vibarazani,
na sasa ana viatu vipya.
Newala nzima ilishamfunga
kabla ndoo ya kwanza haijajaa bombani.

Mahakama ya Mwanzo ni bati na mabenchi manne.
Hakimu ni binti, kaletwa kutoka Kilimanjaro,
hata kubangua hajui.
"Ulimwona?"
Nikasema, anajulikana.
"Ulimwona?"
Nikasema, viatu.
Chitanda akavua kimoja, akatoa kikaratasi
kilicholowa jasho: duka la Masasi,
tarehe ya wiki nzima kabla ya wizi.
Mzee wa baraza akakohoa, akageukia dirisha.
"Mama Mfaume," binti akasema taratibu,
"anayeshtaki ndiye anayebeba.
Mzigo wa kuthibitisha uko kichwani mwako.
Huyu hata ngata hajapewa."

Wakamwachia. Nikatema mate mlangoni.
Sheria gani hii, niliwauliza wenzangu kwenye foleni ya maji,
inayomfungulia mwizi kamba
na kumrudisha mwenye shamba mikono mitupu?
Wakaguna. Mguno wao ulinishibisha siku tatu.

Mwezi wa pili betri ya sola ya zahanati
ikapotea usiku wa mvua.
Filimbi. Tochi. Mfaume wangu chini,
mikono nyuma, matope mdomoni,
na mtu mmoja anaviringisha tairi
polepole, kama mtoto anayecheza.
"Anajulikana huyu!"
Neno langu. Neno langu lenyewe
limerudi nyumbani
limeshika kiberiti.

Nilitaka kulia: mwanangu, mwanangu.
Kilichotoka ni sauti ya yule binti,
kavu, ya mabenchi manne:
"Nani alimwona?"

Mvua tu.

"Nauliza. Nani?"

Mmoja akasema aliambiwa. Aliyemwambia
naye aliambiwa.
Tairi likayumba, likalala ubavu.
Wakampeleka kituoni
na meno yake karibu yote.

Chitanda alikuwepo usiku ule,
viatu vimekwisha kisigino.
Sikuona kama alishika jiwe,
na kwa kuwa sikuona, sisemi.

Magunia yangu hayajapatikana mpaka leo.
Nikikutana naye njia ya sokoni
moyo bado unamfunga miaka saba,
bila shahidi, bila rufaa.
Mdomo ndio uliosoma.