Nafasi ya Mia na Tatu

Sampuli ilinifikia saa nne, kwenye kisanduku cha barafu
iliyokwisha kuwa maji pale Kibarani, katika foleni ya malori.
Nambari mia saba na kumi na mbili. Mwanamke.
Miaka ishirini na sita. Mikindani.
Amewahi kumeza dawa za kupunguza makali? Hapana.
Hapana imepigiwa mstari mara mbili,
kama ya mtu aliyeulizwa mara mbili.

Jina sina. Sisi wa maabara hatupewi majina,
tunapewa damu.

Mashine ikakesha ikikoroma. Umeme ukapotea, jenereta ikaudaka.
Asubuhi, hamri mkononi, nikaketi kusoma:
A na C na G na T, herufi nne tu,
mamia kwa mamia, shanga zilizotungwa na mtu asiyejali rangi,
nami natafuta ushanga mmoja uliokosea.

Nafasi ya mia na tatu.
Palipotakiwa AAA pamesimama AAC.

Nikafuta miwani. Nikarudia.
C ile ile, imekaa kitako
kama mpangaji anayejua mwenye nyumba hana hati.

Kirusi hukosea kila kinapojinakili, ndiyo kawaida yake,
na makosa mengi hufa siku hiyo hiyo.
Kosa hili hushika mizizi
pale efavirenz inapopita na kuwafyeka wenzake wote,
likabaki peke yake uwanjani, likazaa.
Kirusi hiki kimepita shule.
Na huyu dada hajawahi kulipa karo.

Basi kuna mwili mwingine
uliomeza, ukaacha, ukameza tena,
ukaficha chupa kwenye mfuko wa unga, sijui, ndani ya kiatu,
mpaka kirusi kikaitambua dawa kwa mshindo wa nyayo,
kisha kikahama.
Mwili upi? Herufi hazisemi.
C haina jina la ukoo.

Fomu yetu ina safu mbili: dawa, na bashiri yake.
Nikaandika: Efavirenz, haitamfaa. Nevirapine, haitamfaa.
Dolutegravir, itamfaa, na virusi vitashuka, akimeza.
Akimeza: hilo mashine haibashiri.
Safu ya tatu, ya nani alijua na akanyamaza,
haikuchapwa.
Nikatia sahihi. Chai ilikuwa imepoa, imeota utando.

Yaliyobaki alinisimulia Bi Mejumaa, mshauri wa kliniki,
bila majina, huku akimenya chungwa tusilolila.

Walikuja wawili. Mume kambebea mke mkoba,
mpole, fundi wa majokofu, grisi ndani ya kucha.
Bi Mejumaa akaeleza taratibu:
kuna dawa hatutakupa, mwanangu,
hicho ulicho nacho kimeshaizoea.
Mume akadakia, kwa huruma tu, kumliwaza mkewe:
"Afadhali. Ile ya usiku ingekutesa kwa ndoto."

Feni ikageuka kushoto.
Ikageuka kulia.
Hakuna aliyekuwa ametaja usiku.
Hakuna aliyekuwa ametaja ndoto.

"Nikaandika tarehe," anasema Bi Mejumaa,
"nikaiandika tena juu yake, ile ile,
maana mkono ulitaka kazi."
Mume akazitazama kucha zake
kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuziona.

Mke hakulia. Hakuuliza tangu lini.
Alinyoosha mkono, akauchukua mkoba wake,
akauweka mapajani, akaufunga zipu iliyokuwa imefungwa,
kisha akauliza kidonge kipya humezwa saa ngapi,
na kama mtu anaweza kukimeza
akiwa nyumbani kwa mamake.